Skrini ya LCD haiwaki, inazuia mwanga

Natengeneza runinga hapa Kampala, na neno ninalolisikia zaidi ni hili: "Fundi, sauti ipo, picha hakuna. Skrini imekufa." Mara nyingi skrini ni nzima kabisa.

Paneli ya LCD, yaani kioo chenyewe kinachoonyesha picha, haitoi mwanga wake. Nyuma yake kuna taa nyeupe za LED. Kazi ya paneli ni kuuzuia mwanga huo au kuuachia, nukta kwa nukta.

Mwanga ni mawimbi, nayo hutikisika kuelekea pande mbalimbali. Paneli imebandikwa vichujio viwili, cha nyuma kikipitisha mtikisiko wa wima tu, cha mbele wa mlalo tu. Ni kama kupenyeza sahani kwenye ua wa fito: ukiisimamisha inapita, ukiilaza inakwama. Vichujio hivyo vikiwa peke yake, kila kitu ni giza.

Katikati ndipo penye ufundi. Kuna tabaka la fuwele kimiminika, jembamba kuliko unywele. Maada hii inatiririka, lakini molekuli zake ndefu hujipanga kwa utaratibu. Aliyeigundua mwaka 1888 ni Mwaustria Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea, si wa umeme! Katika paneli za aina ya zamani, ambazo ni rahisi kuelewa, molekuli hujipinda robo mzunguko kutoka nyuma hadi mbele. Mwanga hufuata mpindo huo, ukageuka kutoka wima kuwa mlalo, ukatoka. Ukitia umeme, molekuli husimama, mpindo hupotea, nukta inakuwa nyeusi. Umeme kidogo huleta kijivu.

Rangi ni vichujio vyekundu, kijani na bluu, vitatu kwa kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, na kila kichujio kina kidirisha chake. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 ina vidirisha hivyo zaidi ya milioni 6, kila kimoja na transista yake, yaani swichi ndogo ya umeme. Mimi bado hilo linanishangaza.

Sasa, runinga yako ikisema bila picha, zima taa za chumbani, washa tochi ya simu na uimulike skrini kiubavubavu, karibu kabisa na kioo. Ukiona watu wanatembea kwa mbali mle ndani, paneli inafanya kazi. Mwambie fundi apime kwanza stripu za LED, yaani vipande vyembamba vyenye zile taa za nyuma, na saketi inayozilisha umeme. Usikubali kuuziwa paneli mpya, maana hiyo ndiyo sehemu ghali kuliko zote. Ila ukiona doa jeusi lililotawanyika mithili ya wino, kioo kimepasuka ndani, na hapo hakuna stripu itakayosaidia.