Kuondolewa zoloto si kuwa bubu

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya simu, Kampala hadi Arua: anayepasuliwa saratani ya koo hasemi tena, heri akatae. Si kweli. Wengine hubakiwa na sehemu ya zoloto, yaani kiungo cha sauti kilichoko kooni. Hata likitolewa lote, sauti hupatikana kwa vali ndogo kati ya bomba la hewa na umio (njia ya chakula), kwa kujifunza kusemea hewa ya umio, au kwa kifaa cha betri kinachogusishwa shingoni. Huwa ya kukwaruza, lakini mjukuu ataizoea. Kinachochanganya ni wiki za mwanzo, mgonjwa anapoandika tu. Thibitisha kwa daktari wa masikio, pua na koo. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, huenda anayeusoma ana uvimbe unaokua.