Limfoma ya Hodgkin ikiwa changa: dripu, mionzi, au vyote?

"Daktari, kati ya dawa na mionzi, ipi ina nguvu?" Wagonjwa huniuliza hivyo, nami huanza kwa kutazama umri wao na mahali mitoki (tezi za limfu zilizovimba) ilipo.

Nazungumzia limfoma ya Hodgkin, aina ya saratani ya tezi za limfu, ya hatua ya kwanza na ya pili, ugonjwa ukiwa bado upande mmoja wa kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Wengi hupona, kwa hiyo sisi madaktari tunabishana zaidi kuhusu madhara yatakayojitokeza miaka 20 baadaye.

Zamani mionzi ilitumika peke yake. Shingo, kwapa na kifua vilipigwa pamoja, grei 40 hivi (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Ugonjwa uliondoka, lakini waliotibiwa wakiwa wasichana walikuja kupata saratani ya matiti kwa wingi, na wengine, wanaume kwa wanawake, maradhi ya moyo. Siku hizi tunalenga pale tu palipokuwa na mitoki. Kwa asiye na viashiria vya hatari, mizunguko 2 ya dripu ya ABVD (mchanganyiko wa dawa nne za saratani, zikiwemo doksorubisini na bleomisini) ikifuatwa na grei 20 inatosha; utafiti wa Ujerumani uitwao HD10, uliochapishwa 2010, ulionyesha hivyo.

Dawa nazo si malaika. Doksorubisini hudhuru moyo, bleomisini mapafu. Mgonjwa akianza kikohozi kikavu au kuhema, bleomisini naisimamisha kwanza, uchunguzi ufuate. (Watu huogopa zaidi nywele kunyonyoka, jambo linalopita.)

Je, kipimo cha PET (picha inayoonyesha kama kuna saratani iliyobaki hai mwilini) kikiwa safi baada ya mizunguko 2, mionzi iachwe? Katika utafiti mwingine wa Ujerumani, HD16, miaka 5 baadaye, asilimia 93 ya waliopata vyote viwili walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, dhidi ya 86 ya waliopata dawa tu. Lakini ukihesabu waliobaki hai, makundi yote mawili yalikuwa karibu asilimia 98, maana anayerudiwa bado ana tiba, ingawa ni nzito: dawa kali, mara nyingi na upandikizaji wa seli zake mwenyewe za kutengeneza damu.

Ndiyo maana binti wa miaka 22 mwenye mitoki kifuani, PET ikiwa safi, namshauri abaki na dawa peke yake, mradi ameielewa hatari ya ugonjwa kurudi. Mzee wa miaka 60 mwenye tezi moja shingoni na mapafu yaliyochoshwa na sigara, mionzi naitaka, bleomisini naikwepa.

Limfoma ya folikula, aina nyingine ya saratani ya tezi za limfu, ikiwa sehemu moja ina hesabu zake: huko grei 24 bila dripu yoyote huwaacha wengi bila ugonjwa kwa miaka mingi.