Minjingu kwenye glasi ya maji

Maduka mengi ya pembejeo, kuanzia Mbozi hadi Njombe, wanalijua jaribio hili: weka DAP, mbolea ya kupandia ya kiwandani, kwenye glasi ya maji, iyeyuke, weka unga wa Minjingu, mbolea inayochimbwa kaskazini mwa Tanzania, utuame chini kama vumbi. Kisha hukumu: "Hayo ni mawe tu, tunauziwa udongo."

Kweli ni mawe. Lakini hata fosfeti ya DAP, yaani kirutubisho chenye fosforasi, huanzia kwenye mawe. Miamba ya fosfeti ina madini ya apataiti, ambamo kalsiamu imeishikilia fosfeti kwa nguvu, na maji matupu hayawezi kuiachanisha. Kiwandani huchanganywa na asidi ya salfa: kalsiamu inageuka jasi, inabaki asidi ya fosfori. Hiyo ikikutana na amonia, ndiyo DAP. John Bennet Lawes wa Uingereza alipata hataza ya kutibu fosfeti kwa asidi mwaka 1842, na msingi haujabadilika sana.

Sasa, udongo mwingi wa Nyanda za Juu Kusini una asidi ya kwake. Penye pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) chini ya 5.5, asidi hiyo huanza kuimeng'enya apataiti ya Minjingu, ambayo ni laini kuliko ya miamba ya volkano. Inafanya taratibu, kwa hiyo unga usagwe vizuri na uchanganywe na udongo, usirushwe juu juu. Shamba lisilo na asidi ni habari nyingine. Huko nunua DAP. Glasi ya maji ya bomba haina asidi ya kutosha kupima chochote hapa. Pima udongo.