Dawa za Kesho: Mwanamke Anapotoka Gerezani

Siku ya kuachiliwa kuna shughuli nyingi pale mapokezi: saini hapa, mali yako hii, utafikia wapi. Swali langu huwa moja, na mara nyingi linakuwa halijaulizwa na mtu: hizo dawa za sonona ulizopewa zitakufikisha lini? "Kesho, dada." Ukiangalia barua ya rufaa, miadi ya kliniki ni ya mwezi ujao.

Miaka yote niliyofanya kazi ya afya ya akili na wanawake wanaomaliza vifungo, ninayemhofia zaidi ni huyu mwenye dawa za siku moja, hata kama kosa lake lilikuwa dogo. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofuatilia watu 30,237 walioachiliwa kutoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za mwanzo, hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya wakazi wengine wa jimbo hilo. Kwa vifo vya kuzidisha dawa za kulevya, mara 129.

Sababu yake inaeleweka. Mwili uliokaa miezi bila heroini hupoteza usugu wake, yaani uwezo wa kuhimili dawa hiyo. Mtu anatoka, anapatwa na msongo, anarudia kipimo alichokizoea. Kipimo kile ambacho zamani kilimtuliza arosto tu, yale maumivu ya kukosa dawa, sasa kinakata pumzi. Kwa hiyo hunikera kusikia "huyu ameshapona, mwaka mzima hajagusa". Alizuiwa na ukuta. Uraibu wenyewe haukutibiwa. Jimbo la Rhode Island lilianza mwaka 2016 kuwapa wafungwa methadoni, buprenofini au naltreksoni, dawa za kutibu uraibu wa heroini na zinazofanana nayo, na kuwaunganisha na matibabu ya nje wakitoka. Mwaka uliofuata, vifo vya kuzidisha dawa miongoni mwa walioachiliwa karibuni vilikuwa vimepungua kwa takriban asilimia 61.

Kwa wanawake jambo lina fundo jingine. Uchambuzi wa tafiti wa mwaka 2017 ulikadiria kuwa asilimia 51 ya wanawake walioingia gerezani karibuni walikuwa na uraibu wa dawa za kulevya. Kwa wanaume ni asilimia 30. Ukikaa nao vya kutosha, wengi watakusimulia kupigwa au kubakwa, mara nyingi kabla hata dawa za kulevya hazijaingia maishani mwao. Alianza kutumia ili apate usingizi. Sasa anatoka, anakwenda kliniki ya uraibu, anaambiwa atulize akili kwanza. Kliniki ya akili nayo inamwambia aache dawa za kulevya kwanza. Anazungushwa hivyo mpaka anachoka, na akichoka anamrudia yuleyule aliyekuwa akimuuzia. Hapo wizi mdogo dukani hauko mbali. Tafiti zinaonyesha kuwa aliye na ugonjwa wa akili pamoja na uraibu yumo katika hatari kubwa zaidi ya kurudi gerezani kuliko aliye na ugonjwa wa akili peke yake. Vitibiwe pamoja, na mtu mmoja awajibike kwa faili lake.

Halafu kuna watoto. Mwanamke anayesikia sauti ataniangalia usoni na kusema hasikii kitu, kwa sababu anajua jibu lake linaweza kuandikwa mahali na likamnyima mtoto. Sioni kama huo ni uongo wa kumlaumu mtu. Ni hesabu ya mama. Apate nyumba kwanza ndipo arudishiwe watoto, lakini nyumba ya familia hapewi asiye na watoto mkononi. Nimeona mtu akivumilia kifungo kizima bila kuanguka, kisha akaanguka wiki aliyoambiwa hilo.

Mengine ni mambo ya utaratibu tu, na yanarekebishika. Kuachiliwa Ijumaa jioni, kwa mfano, ni kumtoa mtu wakati ofisi zote zimefungwa. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2023 inayoruhusu aliyepaswa kutoka Ijumaa atolewe siku moja au mbili mapema. Mimi naongeza yangu: dawa za mwezi mmoja mkononi, naloksoni (dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini) kwenye mfuko na ndugu aliyefundishwa kuitumia, miadi ndani ya siku tatu, na mtu wa kumsindikiza hadi mlangoni mwa kliniki. Huyo wa kumsindikiza ndiye anayekatwa kwanza bajeti ikibana.