Hati Yenye Jina la Marehemu

Mama mmoja alifika ofisini kwetu hapa Dodoma, tunakoshughulikia mambo ya ardhi, akitokea Mpunguzi, barabara ya kwenda Iringa, mkononi ana bahasha ya kaki iliyofungwa kwa kamba ya katani. Alipoifungua mezani zikatoka hati ya shamba, ramani yenye namba za mawe ya mipaka, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi zilizopauka wino, na karatasi nne za daftari la shule zenye muhuri wa serikali ya mtaa. Hati ilikuwa na jina la baba mkwe wake, aliyefariki miaka mingi iliyopita. Karatasi zile nne zilikuwa za mauziano. Watoto wa marehemu waligawana shamba kwa kuhesabu hatua, kisha wawili kati yao wakauza vipande vyao kwa wanunuzi wanne. Mama mwenyewe analima zabibu kwenye kipande alichoachiwa na mumewe, na siku hiyo alikuwa ametoka benki kuomba mkopo wa kuchimba kisima.

“Mwanangu, hati si hii hapa? Mbona benki wamenirudisha?”

Swali hilo tunaulizwa karibu kila wiki, na majibu ya haraka ya dirishani hayamtoshi mtu aliyepanda daladala mbili kuja kuuliza.

Wengi wetu tunaichukulia hati kama noti ya benki, kwamba aliyeishika ndiye mwenye mali. Kisheria mambo hayaendi hivyo. Hati uliyonayo kabatini inaeleza kilichoandikwa kwenye daftari la ardhi linalotunzwa na Msajili wa Hati, na nguvu iko kwenye daftari. Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, inasema wazi kwamba kuuza au kuweka rehani ardhi iliyosajiliwa hakuhamishi haki mpaka kusajiliwe. Mkataba wa mauziano ulioandikwa vizuri, wenye mashahidi na picha za pasipoti, kabla haujasajiliwa unabaki kuwa makubaliano kati ya wawili. Daftari halina habari nao. Kwa hiyo pale Mpunguzi, ardhini zinaishi kaya tano, na daftarini anaishi mtu mmoja ambaye hayupo duniani. Benki ililisoma daftari.

Mfumo huu wa daftari kuwa ndilo neno la mwisho una historia inayonivutia. Unahusishwa na Robert Torrens, aliyewahi kusimamia forodha ya bandari huko Australia Kusini. Alikuwa amezoea kuona meli ikibadilisha mmiliki kwa kuandikwa upya kitabuni, akauliza kwa nini ardhi isifanyiwe vivyo hivyo. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1858. Wazo lilikuwa jepesi na bado ni jepesi: kila ardhi inapobadilisha mikono, kitabu nacho kibadilike. Kikiachwa nyuma kinageuka kuwa orodha ya watu wa zamani.

Hapo ndipo ninapotofautiana na namna tunavyozungumzia maboresho ya ardhi nchini. Tumefanya kazi kubwa. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 zilianza kutumika mwaka 2001, zikaipa hakimiliki ya kimila hadhi sawa na ile ya kupewa na serikali. Umekuja urasimishaji wa makazi, ikaja programu ya Kupanga, Kupima na Kumilikisha, na sasa kuna mradi wa uboreshaji usalama wa milki za ardhi unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150. Lakini kila mara taarifa zetu huhesabu hati zilizotolewa. Mimi ningependa tuhesabu pia mabadiliko yaliyosajiliwa baada ya hati ya kwanza kutolewa: mirathi, mauzo, mgawanyo. Hiyo ndiyo hesabu inayoonyesha kama daftari liko hai.

Majirani zetu walishaonja jambo hili. Kenya ilianza kuwaandikisha wakulima wa maeneo ya kati miaka ya 1950, kwa mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni wa mwaka 1954, uliojulikana kama mpango wa Swynnerton. Waliopita baadaye kuchunguza walikuta mashamba yaliyogawanywa kwa wana na wajukuu huku daftari likimtaja babu. Rwanda ilifanya kazi ya kupigiwa mfano: kati ya mwaka 2009 na 2013 iliandikisha vipande zaidi ya milioni 10, ikitumia picha za anga na vijana wa vijijini waliofundishwa kuchora mipaka mbele ya majirani wote. Gharama ya kila kipande ilikuwa ndogo sana. Kisha ikaweka ada moja ya uhamisho ya takribani faranga 30,000, awe mtu anauza kiwanja cha Kigali au kijishamba cha mlimani. Kwa mwenye kijishamba ada ile ilikuwa nzito, wengi wakarudi kuuziana kwa karatasi.

Kwetu Dodoma uzito uko wapi? Chukua mtu aliyenunua kiwanja chenye hati Nkuhungu au Iyumbu. Ili jina libadilike anahitaji mkataba uliothibitishwa na wakili, ridhaa ya mke au mume wa muuzaji, ripoti ya mthamini, fomu za uhamisho, na kodi ya pango iliyolipwa yote bila deni. Muuzaji anadaiwa kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1. Kila kipengele kina sababu yake, ila vikijumlishwa mtu hupiga hesabu, akaamua kubaki na karatasi ya mtaa. Wengine huandika bei ya uongo ili kodi ipungue, na siku mgogoro ukifika mahakamani ile bei ndiyo inayowahukumu.

Kugawa ni kugumu zaidi, na hapa ndipo mama wa Mpunguzi alipokwama. Shamba moja haliwi mashamba matano kwa kuhesabu hatua. Lazima mchoro wa mipangomiji urekebishwe na uidhinishwe, mpima arudi kuweka mawe mapya, hati ya zamani irudishwe, na hati mpya ziandaliwe. Kama vipande ni vidogo kuliko kipimo kinachoruhusiwa, havipitishwi kabisa. Ndugu wakigawana bila kuuliza, huenda wameshagawana kitu ambacho sheria haiwezi kukiandika.

Dodoma tuna kumbukumbu yetu wenyewe ya uzito wa daftari. Tangu mwaka 1973 Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ndiyo iliyosimamia ardhi ya mji, na wananchi walipewa mikataba ya miaka 33 chini yake. Mamlaka ilipovunjwa Mei 2017 na kazi zake kuhamia halmashauri, ikaja kazi ya kuwabadilishia watu kutoka miaka 33 kwenda 99. Ambaye jina lake lilikuwa kwenye jalada alipeleka karatasi yake. Aliyenunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu mwingine, bila usajili wowote katikati, ilimbidi kwanza athibitishe kwamba yupo.

Vijijini hali ina sura yake. Hati ya hakimiliki ya kimila huandaliwa katika nakala tatu: moja ya mwenye ardhi, moja ya masjala ya ardhi ya kijiji, moja ya wilaya. Ni mpango mzuri, kwa sababu daftari linakuwa umbali wa kutembea kwa miguu. Lakini niliwahi kuingia kijiji kimoja cha mkoa huu tukakuta kabati la masjala limefungwa, na ufunguo aliondoka nao mtendaji aliyehamishwa. Tulipolifungua, hati za awali zilikuwa zimepangwa vizuri, safi. Kitabu cha mabadiliko kilikuwa hakijaandikwa hata mstari mmoja, ilhali mwenyekiti alinitajia palepale, kwa vidole, mashamba saba yaliyokwishabadilisha mikono.

Kwa maoni yangu, usajili wa mirathi ungestahili ada ndogo kiasi cha kumwondolea mjane kisingizio cha kuahirisha. Mfumo wa vifo na mfumo wa ardhi ungepaswa kusemeshana, ili cheti cha kifo kikitolewa familia ipate ujumbe kwamba kuna hati inayosubiri. Ofisi za ardhi zimeshashushwa mikoani, jambo lililowaokoa wengi na safari za kanda. Sasa huduma hii ya kubadili majina ishuke hadi kwenye kata, angalau siku chache kila mwezi.

Huku hayo yakisubiriwa, yapo unayoweza kufanya mwenyewe. Ukiwa na mwenza na mnapata ardhi, ulizeni kuhusu umiliki wa pamoja wa mume na mke. Mmoja akifariki, haki inabaki kwa aliye hai, na usajili wake ni mwepesi kuliko mirathi. Kama hati ni ya marehemu, familia ifungue mirathi mahakamani, msimamizi aandikwe kwenye hati kwanza, kisha ndiye awahamishie warithi. Asiuze mtu kabla ya hapo. Na kama unanunua, omba upekuzi rasmi kwa Msajili kabla hujatoa hata malipo ya awali. Upekuzi utakuonyesha mmiliki, rehani na zuio kama lipo. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unathibitisha kwamba mlionana mbele yake, na mwenyekiti mwenyewe hana daftari la kukuonyesha nani anamiliki. Mkishagombana, kumbukeni kwamba tangu mwaka 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu.

Yule mama tulianza naye kwenye cheti cha kifo cha baba mkwe, ambacho hakikuwahi kuchukuliwa. Nilimwandikia kwenye karatasi vitu vya kutafuta: cheti hicho na cha mumewe, muhtasari wa kikao cha ukoo, majina ya warithi wote, wa kike wakiwemo, na mahali walipo wanunuzi wa vile vipande. Aliisoma taratibu kwa kidole, akafika kwenye wanunuzi akanyanyua uso. Wawili ni majirani zake, akasema, wa tatu anamjua dada yake pale Majengo. Wa nne alihamia Manyoni na hakuacha namba ya simu. Akaikunja karatasi, akairudisha kwenye bahasha pamoja na hati, akafunga kamba.