Je, wajua? Kwa nini kiwanda cha samaki kinaua bakteria ndani, kisha kinawafuga nje

Ukitaka kuingia kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, kwanza utasafishwa. Utavua viatu ulivyokuja navyo, utapewa buti nyeupe za mpira na koti jeupe, nywele zitafunikwa, utanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, halafu utakanyaga kidimbwi cha maji yenye klorini kabla ya kufika ukumbini. Meza zinaoshwa kwa klorini, na visu vivyo hivyo. Hata maji ya kuoshea minofu yametiwa klorini kidogo. Ukali huo una historia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria, safari moja kwa hofu ya kipindupindu, safari nyingine kwa hofu ya mabaki ya sumu za kuulia wadudu, na wavuvi pamoja na wenye viwanda waliumia. Tangu hapo, bakteria ndani ya kiwanda ni adui wa kila mtu, kuanzia mkata minofu hadi meneja.

Sasa toka kwa mlango wa nyuma. Utakuta tangi kubwa la zege lisilo na mfuniko, maji yake ya rangi ya kahawia yanatokota bila moto. Humo kiwanda hichohicho kinafuga bakteria kwa mabilioni. Wanapewa chakula kwa kipimo, wanapuliziwa hewa usiku na mchana, na kuna mtu ameajiriwa kwa kazi moja tu, kuangalia hali yao. Nilipoonyeshwa mara ya kwanza niliuliza swali ambalo nadhani kila mgeni huuliza: kwa nini muwaue kule, muwafuge huku?

Jibu linaanzia kwenye kile kisicho na mteja. Sangara akishatolewa minofu, karibu kila kilichobaki kina mtu wa kukinunua. Mabondo, yaani vibofu vya hewa vya tumboni mwa samaki, yanakaushwa na kusafirishwa hadi China kwa bei inayozidi ya minofu yenyewe. Mapanki, yaani kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, yanaondoka kwa magari. Mafuta yana wanunuzi wake. Ambacho hakiuziki ni kile kilichokwisha kuyeyuka: damu, ute, mafuta mepesi, na vipande vya nyama vidogo kuliko punje ya mchele. Vyote hivyo vinaondoka na maji ya kuoshea, vinapita kwenye chemba, vinatoka.

Hapo kuna hoja ambayo nimeisikia mara nyingi, tena kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema samaki katoka ziwani, basi damu yake ikirudi ziwani ubaya uko wapi? Samaki si wanakufa ziwani kila siku?

Wanakufa, ndiyo, lakini wametawanyika katika ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Kiwanda kinakusanya samaki wa eneo kubwa, kinawaoshea mahali pamoja, na maji yake yanatoka kwa bomba moja ufukweni, kwenye maji ya kina kifupi. Na ziwa lina deni moja ambalo ni lazima lilipwe kila kitu kinapooza ndani yake. Deni hilo ni oksijeni. Bakteria wa ziwani wakikuta damu wataila, hilo halizuiliki. Lakini kama sisi, hawawezi kula bila kupumua, na wanapumua oksijeni ileile iliyoyeyuka majini ambayo sangara na sato wanaitegemea.

Oksijeni yenyewe ni haba. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ni ya uvuguvugu, nyuzi 25 hivi. Mambo yote mawili hupunguza hewa inayoweza kuyeyuka. Lita moja ya maji yetu, ikishiba oksijeni kabisa, inabeba takriban miligramu 7 tu. Sasa linganisha na damu. Nitatumia ya ng'ombe, kwa kuwa imepimwa sana machinjioni: lita moja inahitaji zaidi ya miligramu 150,000 za oksijeni ili bakteria waimalize. Piga hesabu. Lita moja ya damu inanyonya hewa yote iliyomo katika lita 21,000 za maji ya ziwa. Zile simtanki za lita elfu moja tunazoweka nyumbani, zipange 21, zote zijae maji yasiyo na hewa hata chembe. Kamongo na kambare wanaweza kupanda juu wakavuta hewa ya kawaida wakaishi. Sangara hawezi.

Kwa hiyo uchafu ule lazima uliwe. Kinachobaki kuamuliwa ni uliwe wapi, na kwa hewa ya nani. Ukiliwa ziwani, samaki ndio wanaolipa. Ukiliwa kwenye tangi nyuma ya kiwanda, analipa mwenye kiwanda kwa bili yake ya umeme, maana hewa ya mle inaletwa na mashine. Mimi naona huo ndio moyo wa jambo zima.

Njia hiyo ina zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1914 Edward Ardern na William Lockett, wakifanya kazi Manchester, Uingereza, walitangaza walichokigundua kwa kupuliza hewa kwenye majitaka. Mara ya kwanza usafishaji ulichukua wiki kadhaa. Badala ya kumwaga tope lililotuama chini ya chombo, wakalibakiza, wakaongeza majitaka mapya juu yake, wakapuliza tena. Wakarudia, na kila walivyorudia muda ulipungua, mpaka kazi ya wiki kadhaa ikamalizika ndani ya siku moja. Tope lile lilikuwa bakteria wenyewe, wamezaana na kuzoea chakula. Bibi wa Kisukuma anayebakiza maziwa ya jana ndani ya kibuyu ili ya leo yagande upesi anaijua siri hii bila kusimuliwa na mtu wa Manchester.

Kwenye kiwanda maji hupitia hatua chache kabla ya kufika kwa bakteria. Kuna chujio la kunasa magamba na vipande vya nyama. Kuna mtego wa mafuta, ambapo maji yanapunguzwa mwendo ili mafuta yaelee na kukombwa. Kuna tangi la kusubiria, ili maji makali ya asubuhi yachanganyike na mepesi ya jioni. Kisha tangi la hewa, na mwisho tangi la kutuama, ambapo tope linazama, maji meupe yanatoka juu, na sehemu kubwa ya tope inarudishwa kufanya kazi tena.

Dada aliyekuwa zamu siku niliyotembelea alinionyesha anavyowapima. Alichota maji ya kahawia kutoka tangi la hewa kwa silinda ya kioo ya lita moja, akaiweka kwenye ukuta mfupi wa zege, akatazama saa. Dakika tano za kwanza sikuona kitu. Kisha mstari ukajitokeza karibu na juu, chini yake kahawia, juu yake maji meupe, ukawa unashuka polepole kama pazia. Baada ya dakika thelathini tope lilikuwa limefika alama ya 300, na juu yake ningeweza kusoma gazeti kupitia kioo. Akaniambia nisogeze pua. Nilitarajia uvundo wa samaki, nikapata harufu ya udongo ulionyeshewa mvua ya kwanza. Hiyo ndiyo dalili ya afya, alisema. Likinuka yai bovu na kuwa jeusi, hewa imepungua. Likikataa kutuama, kuna kitu kimewavuruga na itabidi atafute ni nini.

Mara nyingi kitu hicho kinatoka ndani ya kiwanda chenyewe. Hapa lile swali la mwanzo linarudi kwa nguvu, kwa sababu klorini haichagui. Ile inayoua bakteria wa kuharibu minofu inaua na hawa wa tangini. Kidogo kidogo inavumilika, kwani inamalizwa na damu na ute njiani. Lakini nasimulia nilichosikia kuhusu kiwanda kimoja: walifanya usafi mkubwa mwisho wa wiki, wakamwaga klorini iliyobaki kwenye bomba la sakafuni bila kumwambia mtu wa majitaka. Jumatatu samaki walikuja, maji ya damu yakaja, na tangini hakukuwa na wa kuyala. Ilichukua wiki kadhaa kuwakuza upya. Hata njaa inawaua. Samaki wakiadimika na kiwanda kikasimama siku kadhaa, mhudumu mzuri anakuwa ameweka akiba ya maji machafu kwenye tangi la kusubiria, awape kidogo kidogo, vilevile mtu anavyohifadhi mabua kwa ajili ya ng'ombe wakati wa kiangazi.

Sheria nayo inauliza swali lilelile la oksijeni. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinataka maji yanayotoka kiwandani yasihitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita. Kipimo kinaitwa BOD, kifupi cha Kiingereza cha hitaji la oksijeni. Maji yanawekwa kwenye chupa iliyofungwa kabisa, inafichwa gizani katika nyuzi 20 kwa siku tano, na oksijeni inapimwa mwanzo na mwisho. Iliyopotea ndiyo iliyoliwa. Siku tano hizo zilitoka Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na husimuliwa kwamba zilichaguliwa kwa sababu mto wa huko hauchukui zaidi ya siku tano kufikisha maji baharini.

Kila nikikumbuka habari hiyo nawaza Ghuba ya Mwanza. Mto unaotoka ziwani ni mmoja, Nile, nao unaanzia Jinja, Uganda, ng'ambo kabisa. Tena zaidi ya robo tatu ya maji yanayoondoka ziwani yanaondoka kama mvuke, na mvuke haubebi uchafu. Tone la maji hukaa humu kwa wastani wa miaka zaidi ya ishirini. Chupa ya siku tano inatuambia habari ya leo, haituambii kinachojikusanya. Nitrojeni na fosforasi zilizokuwa kwenye nyama ya samaki zinaweza kubaki hata baada ya BOD kushuka vizuri, na hizo ni mbolea. Zinakuza mwani unaoyafanya maji ya ufukweni kuwa kijani, na zinalisha magugu maji tunayopambana nayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Si viwanda peke yake vinavyoleta mbolea hiyo, mashamba na vyoo vyetu vinaleta nyingi. Lakini maji tunayokunywa mjini yanavutwa kutoka ziwa hilohilo, pale Capri Point na Butimba.

Kitu kilichonishangaza kuliko mashine zote ni fagio. Fagio la mpira, la kusukumia uchafu sakafuni. Watu wa zamu wamezoea kushika mpira wa maji na kufukuza damu na vipande mpaka viingie kwenye tundu. Ni haraka, na sakafu inang'aa. Kumbe damu ikisukumwa kwanza kwa fagio ikiwa bado nzito, ikazolewa kwenye ndoo pamoja na vipande, kisha ndipo maji yafuate, mzigo wa tangi unapungua sana na maji yanayotumika yanapungua pia. Kipande cha nyama kikiwa kikavu sakafuni ni chakula cha mifugo. Kikishayeyuka majini ni deni. Ningekuwa na kiwanda, ningeanza na mafagio kabla ya kununua mashine yoyote.

Na kama unaishi jirani na kiwanda, una haki ya kuuliza. Anayetiririsha majitaka anatakiwa kuwa na kibali kutoka Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, ambayo makao yake yako hapahapa Mwanza. Uliza pia kipimo kilichukuliwa saa ngapi. Mashine za kupuliza hewa ndizo zinazokula umeme mwingi kuliko kitu kingine chochote kwenye mtambo wa namna hii, na kishawishi cha kuzizima watu wakishalala ni kikubwa. Asubuhi zikiwashwa, tangi linatokota tena na mgeni haoni kitu. Mimi ningependa mkaguzi aende saa nane usiku, bila taarifa, asimame kando ya tangi na kusikiliza kama zinanguruma.