Kisahani cha sprinkla kwenye dari ya korido kisipakwe rangi

Majengo mengi ya siku hizi, hasa hoteli, hospitali na maofisi, ukiangalia juu kwenye korido utaona visahani vya duara vimelala bapa na siling na watu wengi wanadhani ni mapambo tu au vimeziba tundu la waya. Hizo ni sprinkla za kuficha, yaani vifaa vinavyomwaga maji vyenyewe moto ukiwaka, na kichwa chenyewe cha kumwaga maji kiko ndani ya dari. Korido wanaziweka kwa sababu dari huwa iko chini, na kichwa kilichochomoza kinagongwa na ngazi, masanduku, wengine mpaka wanatundikia nguo.

Kisahani kimeshikiliwa na risasi laini ya kulehemu, kwa aina nyingi inaachia kwenye nyuzijoto 57 hivi. Moto ukiwaka hewa ya moto inatambaa chini ya dari, risasi inayeyuka, kisahani kinadondoka, kichwa kinashuka kidogo, halafu joto likifika kama nyuzi 68 au 74 kutegemea aina ndo kichwa kinafunguka na maji yanamwagika. Vinafunguka vile vilivyopata joto tu, sio korido nzima kama kwenye muvi.

Sasa fundi rangi akija na rola anapitisha juu ya kila kitu. Rangi inaganda ukingoni, inagundisha kisahani na siling, risasi ikiyeyuka hakidondoki au kinachelewa, na kwenye moto dakika moja ni nyingi sana jamani, hiyo korido ndo njia ya watu kukimbilia nje! Mkitaka rangi ifanane na dari agizeni visahani vilivyopakwa kiwandani. Kilichokwisha pakwa msikikwangue, badilisheni, tena cha kampuni ileile na modeli ileile maana cha kampuni nyingine hata kikiingia vizuri hakijapimwa na hicho kichwa. Rangi ikiwa imefika kwenye kichwa chenyewe basi kichwa chote kinatoka.

Na ule upenyo mwembamba kati ya kisahani na dari msiuzibe kwa silikoni wala jipsamu, umeachwa makusudi hewa ya moto ipite.

Kingine ambacho wenye majengo wanakisahau ni kugawa korido. Kwa NFPA 13, kiwango cha Marekani cha kufunga sprinkla, sehemu zenye hatari ndogo sprinkla za kawaida hazitakiwi kuachana zaidi ya mita 4.6, na ya mwisho isizidi mita 2.3 kutoka ukutani. Ukisimamisha patisheni au mlango mpya katikati, kipande kimoja kinaweza kubaki hakina sprinkla kabisa, kwa hiyo muite fundi wa sprinkla kabla ya seremala.

Angalau mara moja kwa mwaka pita korido zote ukiangalia juu, hauhitaji ngazi. Ukiona kisahani kimepakwa, kimepinda, hakipo, au kofia ya plastiki ya wakati wa ujenzi bado imevaliwa kwenye kichwa, andika ni korido gani na mpigie fundi siku hiyohiyo.